Mwaka Baba Alipokosea Vipimo

Tulipomaliza arobaini ya mama, wageni wakaondoka na masufuria yao, tukabaki watatu ndani ya nyumba ya Igogo: mimi, kaka yangu Sudi, na Husna, binti yake wa mwisho, ambaye hawezi kukaa mahali bila kupanga jambo. Mama aliondoka akiwa ameshiba umri, amewaona wajukuu na vitukuu, na mpaka siku zake za mwisho alikuwa akiwatania manesi. Kwa hiyo msiba wetu ulikuwa na machozi, lakini ulikuwa pia na vicheko. Husna alikuwa kwenye mkeka, simu mkononi, anatusomea habari za kambi moja ya ufukweni upande wa Sengerema, ambako watu hukodi mahema yaliyokwisha kusimamishwa, yenye vitanda na taa, familia nzima inalala kando ya ziwa na kuamka chai iko mezani. Alishaunda kundi kwenye simu, ukoo mzima umo, kila mtu anaandika lake. "Shangazi," akaniambia, "siku hizi ndiyo mambo yenyewe haya. Familia inatoka pamoja, inalala nje. Nyie enzi zenu hamkuwa na vitu hivi." Sudi akanitazama, nami nikamtazama, tukacheka mpaka Husna akaweka simu chini.

Nikaingia stoo, nyuma ya magunia ya mkaa, nikaliburuta mpaka sebuleni. Lilikuwa limekunjwa vilevile alivyolikunja baba, kingo ndani, kamba juu, na lilipofunguka kidogo likatoa harufu ya nta na mafuta ya taa. Turubai la viraka, kijani, kaki, kahawia, na mahali pamoja kipande chekundu ambacho sikumbuki kilitoka wapi. "Hema letu hilo," nikamwambia Husna. Akalizunguka, akauliza mlango uko wapi. Hilo ndilo swali ambalo mtaa mzima uliuliza siku ile, na kulijibu inabidi nianzie mbali kidogo. Habari za ukoo, nani alitoka Ujiji, nani alitoka Tabora na nani aliolewa na Msukuma akasilimu, sitaki kuzigusa, maana tutakesha. Naanzia kwenye kibaraza cha nyumba hii, mwaka nilipokuwa na miaka kumi na mitano.

Baba yangu, Mzee Shabani, alikuwa fundi turubai. Malori ya pamba, ya dagaa, ya mahindi, yote yaliyopita Mwanza wakati ule yalivaa kazi ya mikono yake. Alishonea hapo kibarazani, miguu ameinyoosha, turubai limemfunika mpaka kiunoni, sindano kubwa kama kidole, na futi kamba shingoni. Futi kamba ile ilikaa shingoni hata wakati wa kula, na mama alikuwa hachoki kumwambia aivue kabla haijatumbukia kwenye mchuzi. Alikuwa mtu mpole, lakini mwenye jambo moja la kujivunia, nalo alilisema kwa kila mteja: yeye hajawahi kukosea vipimo. Sisi watoto tulilisikia neno hilo kama tunavyosikia adhana, halikutushangaza tena. Sudi ndiye mkubwa wetu, na baba alikuwa akimfundisha kazi. Asubuhi moja akaja mwenye lori kutoka Shinyanga kuchukua mali yake, baba akaitandaza chini, na Sudi, akiwa amesimama na kikombe cha uji mkononi, akasema, "Baba, hili fupi. Halitafika nyuma."

Baba akasema litavutika. Sudi akasema halitavutika. Mteja akawa anatazama huku na huku kama mtu aliyeingia nyumba ambayo si yake. "Mimi sijawahi kukosea vipimo," baba akasema, na Sudi, kijana wa miaka ishirini mwenye kichwa kigumu kama cha baba yake, akajibu, "Leo umekosea." Mbele ya mteja. Baba hakuinua mkono wala sauti. Alisema tu kwamba anayejua zaidi atafute kibaraza chake. Sudi akaweka kikombe, akachukua shati lake, akaenda Buhongwa kwa mama mdogo, na baada ya siku chache tukasikia amepata kazi ya utingo kwenye lori la Bwana Jivan, Mhindi mwenye ghala la pamba hapa hapa Igogo. Wiki haikupita, yule mtu wa Shinyanga akarudisha turubai. Lilikuwa limepungua shubiri. Baba alilipokea, akaunga kipande, akalikunja, na mchana ule hakumaliza ugali wake. Lakini hakuna aliyetumwa Buhongwa kumwambia Sudi, na Sudi naye hakukanyaga Igogo. Lori lake lilikuwa linapita barabara ya chini, tunalisikia honi, halafu linaenda zake.

Wazo la kulala nje lilikuwa la mama. Walikuja wasafiri wawili, Wazungu, mume na mke, na gari lililobeba hema juu ya paa, limechanika, wakataka baba awashonee. Mama aliwapa chai ya tangawizi, na kwa Kiswahili chao cha kuokoteza wakamweleza kwamba wana nyumba kwao, tena nzuri, ila wanapenda kulala nje kando ya maji, wapike kwa kuni, wasikilize ndege. Mama hilo lilimwingia. Kwa siku kadhaa alikuwa akitikisa kichwa peke yake jikoni. "Kulala nje kwa kupenda!" anasema, halafu anacheka. Kisha siku moja, tukila matobolwa, viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, kwa karanga, akatangaza kwamba baada ya Idi familia nzima itavuka kwenda upande wa Sengerema, kwa mjomba, kwenye shamba lake lililoshuka mpaka ziwani, tulale hemani. Hema atashona baba kwa vipande vinavyobaki. Jirani yetu Bi Mariamu alipopata habari aliuliza kama nyumba ina siafu.

Tulidhani ni kichaa kitamu tu cha mama, mpaka siku nilipokuwa napanga vyombo nyuma ya pazia nikawasikia wakiongea sebuleni. "Nataka watoto wangu wote walale mahali pamoja," mama alisema. "Wote, Baba Sudi. Hapa nyumbani hawezi kuja, na wewe Buhongwa huwezi kwenda. Basi tukutane mahali ambapo si kwako wala si kwake." Baba akasema njia ya kurudi kijana anaijua. "Anaijua," mama akasema, "lakini mlangoni umekaa wewe. Sudi asipokuja, mimi siendi, na hema lako utalifunikia kuku." Nilishika sahani ile ile mpaka ikakauka mkononi. Tangu hapo safari ikawa na uzito mwingine kwangu, kwa sababu nilijua mama hasemi maneno ya kupamba, na nilijua baba hawezi kuanza yeye. Nilimpenda baba, lakini kuomba radhi hakukuwa miongoni mwa vitu alivyofundishwa.

Mwaka ule ulikuwa wa kupanga. Sukari ilikuwa adimu, sabuni adimu, lakini mipango ilijaa nyumba. Kila jioni mama alikaa kwenye kigoda, mwenyekiti wa kikao, na sisi watoto kwenye mkeka, tunagawana kazi za safari ambayo hata nauli yake haijajulikana. Nani atabeba sufuria, nani atachota maji, viboko wakitoka ziwani tutakimbilia wapi, mdogo wetu Kassimu aruhusiwe kuleta kuku wake au abaki. Mama alitaka jambo moja zaidi, kwamba huko yeye hapiki. Atakaa juu ya jiwe, miguu ndani ya maji, na baba na vijana watapika. Baba alikubali bila kubisha, jambo lililotutia wasiwasi kuhusu chakula. Ramadhani ilipoingia vikao vikahamia baada ya futari, tukiwa tumeshiba uji wa pilipili manga na mihogo ya nazi, na kila mara hesabu ya watu ilipofanywa mama alimtaja Sudi kwanza, kwa sauti ya kawaida kabisa, na baba aliendelea kushona.

Vipande vilikuja polepole. Kila lori lililovikwa liliacha ukanda, na ukanda ukaungwa kwenye ukanda. Baba hakutaka tuliguse wala kulitandaza, alisema hema halionyeshwi kabla halijaisha, kama bibi harusi. Kitu kingine ninachokikumbuka cha miezi ile ni Ijumaa. Baba alikuwa mtu wa kutoka msikitini na kuja moja kwa moja kula, lakini Ijumaa mbili tatu alichelewa, na aliporudi pindo la kanzu yake nyeupe lilikuwa na grisi. Mama aliikagua kanzu, akaitia mafuta ya taa, akaanza kuifikicha. "Siku hizi mnaswalia gereji?" akauliza. Baba akasema alipita mahali. Nilitegemea mama aulize mahali gani, kwa kuwa mama alikuwa haachi swali likiwa hai, lakini aliinamia karai akaendelea kufua, tena akiimba.

Idi ikafika. Tulivaa nguo mpya, tukala pilau, na sinia kubwa lilipowekwa mama aliacha nafasi ya mtu mmoja kati yangu na baba. Tulikula tukiizunguka ile nafasi. Sudi alituma salamu na nusu kilo ya sukari kwa mkono wa mtu, yeye mwenyewe hakuja. Mama aliipokea sukari, akasema alhamdulillah, akaenda uani akakaa huko muda mrefu kuliko kazi iliyokuwepo. Niliona safari imekufa. Nilimwona na baba, amesimama mlangoni na kijiti cha meno, anautazama mgongo wa mama, na sijawahi kumwona na uso ule kabla wala baada.

Siku ya pili ya Idi, asubuhi, baba akatuita wote tukalitoe hema. Tulilibeba kama jeneza mpaka uwanja ulio nyuma ya nyumba, na majirani wakaanza kukusanyika, maana sikukuu watu hawana kazi na hema la Mzee Shabani lilikuwa limesubiriwa mwaka mzima. Tukalitandaza. Tukaingiza miti chini yake, tukainua. Likaanguka. Tukainua tena, likalala upande. Lilikuwa refu ajabu, limenyooka, lina mashavu mawili ya kuning'inia pembeni na pete za chuma za kamba kuzunguka kingo zote, lakini hakuna mahali pa mti wa kati, hakuna mlango, hakuna kitu. Bi Mariamu akauliza tutaingilia wapi, au tutajifunika nalo. Watu wakacheka, Kassimu akaanza kulia. Baba akavua futi kamba shingoni, akapima upande mmoja, akapima mwingine, bila haraka, halafu akasimama wima. "Nimekosea vipimo," akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa barabarani waliisikia. "Nimekata la lori."

Kicheko kilikatika. Mtaa ule haukuwahi kusikia neno lile kutoka kinywa kile, na nadhani baadhi yao walidhani mzee ameanza kuugua. Mama alikuwa ameshika kiuno. Alimtazama baba kwa muda, kisha akauliza, "Sasa?" Baba akasema, "Sasa linataka lori." Mama akanigeukia mimi. "Mwaju, vaa viatu. Nenda Buhongwa kwa mama yako mdogo, mwambie kaka yako kwamba baba yake amekosea vipimo, na lori linahitajika." Nikauliza kama niseme hivyo hivyo. Akajibu baba mwenyewe, akiwa anainama kuokota sindano isiyokuwepo. "Mwambie hivyo hivyo."

Nilimkuta Sudi anakula. Ugali wa muhogo na sato wa kukaanga, na mama mdogo akanikaribisha, lakini mimi nilikuwa na ujumbe mdomoni kama kaa la moto, nikautema kabla sijaketi. Mkono wa Sudi ukasimama juu ya sahani. "Nani kasema kakosea?"

"Baba."

"Kasema mama, au kasema mwenyewe?"

"Mwenyewe. Kwa mdomo wake. Mbele ya akina Bi Mariamu wote."

Akanawa mikono, na nusu ya samaki ilikuwa bado imebaki, na Sudi yule alikuwa hajawahi kuacha samaki. Tukapita kwa Bwana Jivan kumwomba lori, maana sikukuu lilikuwa limelala tu uani kwake, na dereva wake, aliyekuwa amemfundisha Sudi kuendesha, amekwenda kwao. Sudi alikuwa amejiandaa kwa maelezo marefu. Bwana Jivan alikubali kabla hajamaliza sentensi, akatoa ufunguo mfukoni, akasema, "Chukua, baba yako mtu mzuri sana, rudisha Jumatatu."

Lori liliingia uwanjani likipiga honi, watoto wakalikimbilia. Sudi akateremka, akatembea moja kwa moja mpaka kwa baba. "Shikamoo, baba." Baba akasema, "Marahaba. Umekula?" Sudi akasema amekula kidogo. Mama akageuka kutafuta kitu ndani ya nyumba. Hayo ndiyo maneno yote waliyosemezana, halafu wakapanda juu, baba mbele, Sudi nyuma, wakalivuta turubai juu ya vyuma vya bodi. Mimi nilikuwa chini, nikirusha kamba. Niliona Sudi akifunga upande wa nyuma, pete moja, pete ya pili, na alipofika ya mwisho mikono ikasimama. Akalipapasa turubai pale linapoishia. Akapima kwa shubiri. Akamtazama baba, na baba alikuwa anatazama ziwa. "Limekaa?" baba akauliza bila kugeuka. "Limekaa, baba," Sudi akasema, na sauti yake ilikuwa imekwaruza, nikadhani ni vumbi.

Safari yenyewe ndiyo kumbukumbu nzuri kuliko zote nilizo nazo. Tulipita Buhongwa tukampungia mama mdogo, tukafika Kigongo tukapanda kivuko, siku hizi kuna daraja na watoto hawaamini kwamba tulikuwa tunasubiri nusu siku. Baba alikaa mbele na Sudi. Nyuma, chini ya viraka vyake, tulikaa sisi, mama katikati ya magodoro kama malkia, Kassimu na kuku wake, harufu ya nta na pamba. Kwa mjomba lori liliegeshwa kati ya mawe makubwa, hatua chache kutoka majini, na mama akapanda jiwe lake, akaweka miguu ndani ya ziwa, hakushuka. Baba alipika ugali uliokuwa na mabuje makubwa kama mayai. Sudi alikaanga furu, vile visamaki vidogo vya ziwani. Tulikula kutoka sinia moja, na safari hii nafasi haikuwepo, tulibanana mpaka viwiko vikagongana, na mama alikula ule ugali akasema ni mtamu, uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema. Tulilala wote kwa mstari ndani ya lori. Asubuhi nilipoamka baba na Sudi walikuwa wameketi kwenye ngazi ya nyuma, chai mkononi, wanabishana kuhusu uzi, upi unadumu zaidi kwenye mvua. Walikuwa wakibishana kwa raha.

Sudi hakurudi kushona. Akawa dereva, akawa na malori yake mawili, na kila Ijumaa mpaka baba alipofariki alikula chakula cha mchana hapa. Turubai mama hakulitoa wala kuliuza. Na mimi miaka yote hii nimeisimulia hadithi hii kwa watoto wangu kama kichekesho, babu yenu aliyeshona hema akatoa lori, mpaka jioni ile ya baada ya arobaini, nilipomaliza kumsimulia Husna, na Sudi, ambaye alikuwa amepiga magoti akizihesabu pete kwa kidole, akasema polepole, "Mwaju, unalikumbuka lile lori la Bwana Jivan?"

Nikasema nalikumbuka, lilikuwa la bluu.

"Lilikuwa refu. Mafundi walirefusha bodi yake kwa nyuma, libebe marobota zaidi. Mwanza nzima hakuna lori lililokuwa na bodi kama ile. Kila turubai tulilolivika lilikuwa linapungua. Hili tu ndilo lililokaa." Akaiweka shubiri yake pale pale mwishoni, mkono wa mzee sasa, wenye mishipa. "Kila Ijumaa mchana lilikuwa linalala uani kwa Bwana Jivan. Sisi tunakwenda kuswali."

Nikaiona kanzu. Nikamwona mama ameinamia karai, anafikicha grisi na kuimba, hataki kujua mahali gani. Nikaanza kucheka na machozi yakanitoka kwa pamoja, kilio ambacho msibani sikukilia, na kilikuwa kilio kizuri. "Ulijua tangu siku ile," nikamwambia. "Ulikuwa juu ya lori ukajua. Mbona miaka yote hukusema?"

Sudi alikuwa ameanza kulikunja turubai, kingo ndani, kamba juu. Husna, ambaye alikuwa akitutazama kwa zamu, akauliza alichokuwa amekielewa. "Kwa hiyo, baba, babu hakukosea vipimo?"

"Alikosea," Sudi akasema, akaivuta kamba na kuifunga. "Mwenyewe alisema."